Ukienda Kaole, Anza na Maji

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema, na yule pale nyuma ameshaanza kutabasamu. Nitasema tena, kwa sababu hali haijabadilika.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Bagamoyo. Likaja basi la watalii wa ndani, Watanzania wenzetu kutoka Dar es Salaam. Wakashuka, wakakimbilia mbuyu, wakauzunguka, wakapiga picha. Wakapita makaburini na msikitini, wakachungulia kisima, wakarudi garini. Nilitazama saa yangu: dakika 35. Watu wamesafiri kilomita kama 70, wamekaa foleni Tegeta, wamekula vumbi, halafu dakika 35! Na hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo la kwanza kabisa: kwa nini mji ulikuwa hapa?

Jibu haliko kwenye mawe. Liko nyuma ya mawe, upande wa mashariki, kule ambako hakuna anayekwenda kwa kuogopa kuchafua viatu.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi pale, watoto wa darasa la sita. Nimewaeleza njia nzima kwamba Kaole ilikuwa bandari. Tumefika, tumesimama kando ya msikiti wa zamani, binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, bahari iko wapi?" Nikageuka nimwonyeshe. Mbele yetu ni miti tu. Mikoko, kijani kibichi, imesimama kama ukuta. Bahari haionekani. Yule mtoto hakuridhika. Akasema, "Sasa jahazi zilipitaje?"

Swali hilo lilinizidi kimo siku ile. Nikamtafuta mzee mmoja wa kijijini, mvuvi, nikamwomba atupeleke. Akasema, "Vueni viatu." Tukamfuata watoto 40, mstari mmoja, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akatufundisha huu ni mkoko, wenye mizizi kama miguu ya buibui. Huu ni mchu, unaotoa vijiti juu ya tope ili upumue. Ule wa mbele kabisa, unaokubali kusimama ndani ya maji, ni mlilana. Kisha akakanyaga pale alipokuwa, akasema: "Hapa palikuwa maji." Akatueleza kwamba tope huja kidogo kidogo, mizizi hulikamata, tope likitulia mkoko mwingine huota, nao hukamata lake. Miaka mia moja, mia mbili, bahari inajikuta imesukumwa nje ya mji wake.

Yule binti alielewa pale pale. Alisema, "Kumbe mji haukuhama, bahari ndiyo ilihama." Nimesoma mengi kuhusu Kaole, tangu uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick wa mwaka 1958, na sijapata sentensi inayoshinda hiyo.

Sasa najua kuna atakayesema: mwalimu, hiyo ni jiografia, sisi tumekuja kwa historia. Haya, tuione hiyo historia. Msikiti wa Kaole ni wa karne ya 13. Makaburi yake ya minara yalipachikwa bakuli za Kichina. Bakuli hizo zilifikaje? Hazikutembea kwa miguu kutoka Morogoro! Zilikuja na kaskazi, chomboni, na chombo kilitaka mahali patulivu pa kuegesha. Mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipovuka kutoka Unguja kwenda kutafuta maziwa ya bara, walishukia Kaole. Nyakati zile ngome ya askari Wabaluchi wa Sultani wa Zanzibar ilikuwa hapo. Lakini tope halikungoja mtu. Biashara ikasogea kilomita 5 kaskazini, Bagamoyo, penye mchanga, ambapo jahazi linaweza kukalishwa ufukweni maji yakipwa na kupakuliwa kwa mabega ya watu.

Halafu zikaja meli za moshi. Meli ya moshi haikalishwi mchangani. Inataka kina. Wajerumani walianza na Bagamoyo kama makao yao, na mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Kwa hiyo wewe unayeishi Sinza au Mbagala, unayekwenda Kaole kutazama "magofu ya watu wa kale", unatazama sababu ya mji wako mwenyewe kuwapo. Na maji unayofungulia bombani nyumbani, mengi yanatoka mto Ruvu, ambao mdomo wake uko hapo hapo, kaskazini kidogo ya Bagamoyo.

Mwingine ataniuliza: basi tuikate mikoko, bandari ifunguke? Hapana! Tafadhali msinielewe hivyo. Mikoko haikulileta tope, ililikamata tu. Inashika ardhi isiliwe na mawimbi, na samaki wachanga wanakulia mle. Babu zetu waliikata kwa kipimo, boriti zikaenda mpaka Uarabuni na Ghuba kuezekea nyumba. Ukiingia nyumba ya mawe ya kale ukaona chumba chembamba na kirefu, upana ule ni urefu wa boriti. Mkoko ndiye aliyekuwa fundi mkuu.

Namna ya kwenda, basi, maana ndiyo niliyoitiwa na muda umenitupa. Usichague siku kwa kalenda ya ofisini. Tazama mwezi. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Pwani yetu siku hizo maji hupwa sana mnamo saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 jioni, na tofauti huzidi mita 3. Panda gari kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, alfajiri. Ukifika Bagamoyo chukua bajaji moja kwa moja hadi Kaole. Omba mwenyeji akupeleke mikokoni, na umlipe vizuri, maana anachokijua hakimo kwenye kibao chochote. Kisha ndipo urudi kwenye msikiti, makaburi na kile kisima chenye maji yasiyo na chumvi, karibu kabisa na bahari. Vaa heshima; pale ni makaburini na watu bado wanakwenda kuomba dua.

Mchana rudi Bagamoyo. Kuhusu Misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, na Chuma na Susi walioleta mwili wa mpelelezi Livingstone mwaka 1874, yote hayo mtayasikia, wanayasimulia vizuri, sitayagusa. Soko la samaki nalo mtaliona wenyewe.

Ila saa 10 jioni msiwe garini. Nawaomba. Rudini Kaole, hata kama dereva ananuna. Simameni pale mlipotia miguu topeni asubuhi, mtazame maji yanavyoingia kati ya mizizi, kimya kimya, bila wimbi, yakirudi kwenye njia yao ya zamani. Mwaka ule tulingoja mpaka yakamfika yule binti magotini, na hakutaka kutoka.

Haya, maswali. Mama yangu hapo mbele, karibu.