Jumamosi, Saa Tisa Alasiri: Kuanza Kazi ya Mlezi wa Kikundi cha Wasichana

NEEMA: Hamjambo wasikilizaji wetu, na karibuni tena katika kipindi chetu tunachokirekodi hapa Dar es Salaam. Mimi ni Neema, na niko pamoja na mwenzangu, Bi Zuhura, ambaye kwa miaka tisa sasa amekuwa mlezi wa kujitolea wa kikundi cha wasichana huko Temeke. Mimi nilianza kazi hiyo mwaka jana tu, upande wa Kimara, na leo nataka kumuuliza yale ambayo ingefaa niyaulize kabla sijaanza. Shikamoo, Bi Zuhura.

ZUHURA: Marahaba, mdogo wangu. Nawasalimu wasikilizaji wote, na hasa yule ambaye amekuwa na nia hii moyoni kwa muda mrefu lakini hajui aanzie wapi.

NEEMA: Basi tuanze na huyo. Anawafahamu wasichana kumi au kumi na watano mtaani kwake, wenye umri wa miaka kumi hadi kumi na minne, na ana nafasi kidogo mwishoni mwa wiki. Jambo la kwanza ni lipi?

ZUHURA: Jambo la kwanza ni saa. Wengi hutarajia niwaambie habari za sare, mafunzo au fedha, na hayo yote yana mahali pake, lakini kikundi hakiwezi kuwepo mpaka ipatikane saa ambayo wasichana wanaweza kuja bila kugombana na mtu yeyote nyumbani. Katika mji wetu muda wa msichana una wenyewe. Siku za shule anarudi jioni, na wengine hupitia tuisheni kabla ya kufika nyumbani. Aliye Mwislamu ana madrasa, aliye Mkristo huenda ana mazoezi ya kwaya siku ya Jumamosi na ibada siku ya Jumapili, na wote kwa pamoja Jumamosi asubuhi wana nguo za kufua, maji ya kuteka na wadogo zao wa kuangalia. Sisi tuliwauliza wenyewe, kisha tukawauliza mama zao, na ndipo tukapata Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, ili kila mmoja awe amefika kwao kabla ya Magharibi.

NEEMA: Mimi nilifanya kinyume. Nilichagua saa tatu asubuhi kwa sababu ilinifaa mimi, na walipokuja sita tu, tena wakiwa wamechelewa, nilirudi nyumbani nikiamini kwamba wasichana wa mtaa wangu hawana hamu. Ilibidi mama mmoja anieleze kwa upole kwamba binti yake alikuwa anaamka alfajiri ili amalize kufua, akija kwangu mikono bado imekunjamana kwa maji. Nilisikitika sana, kwa maana yule mtoto alikuwa na hamu kuliko mimi.

ZUHURA: Ukishaipata saa hiyo, itunze. Katika mwaka wangu wa kwanza niliahirisha mikutano miwili mfululizo kwa sababu za kazini, na mara zote mbili nilituma ujumbe kwa wazazi ikiwa imebaki saa moja. Baadhi ya simu zilikuwa zimezimwa. Wasichana wanane walikaa chini ya mti wa mkungu nje ya geti la shule mpaka walipokata tamaa. Wiki iliyofuata nusu yao hawakuja, na haikuwa kwa hasira: walikuwa wamekwisha kuniweka pamoja na watu wazima wengine waliowahi kuwaahidi jambo wasilitimize. Nilihitaji miezi mitatu kuwarudisha. Tangu hapo sikubali mtu aanze peke yake. Lazima awepo mlezi wa pili, ambaye ataufungua mlango wewe ukiwa umekwama kwenye foleni Buguruni.

NEEMA: Na ruhusa? Nakumbuka nilidhani kwamba kwa kuwa ninajitolea, sihitaji kumwomba mtu yeyote.

ZUHURA: Unahitaji, na ni kwa faida yako. Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukiwa na barua fupi inayosema wewe ni nani, mtakutana wapi, siku gani, na mlezi wa pili ni nani. Ikiwa mtakutana shuleni, barua nyingine iende kwa mwalimu mkuu. Kisha itisha kikao cha wazazi kabla ya mkutano wa kwanza wa wasichana, nawe ukubali kuulizwa maswali magumu. Kuna baba aliyeniuliza mbele ya watu wote ninapata nini katika shughuli hii, kwa maana haamini kama kuna mtu anayewatunza watoto wa wenzake bure. Nilimjibu ukweli: kwamba mimi mwenyewe nililelewa katika kikundi cha namna hiyo, na kwamba sitamwomba binti yake chochote ambacho yeye baba hatakijua. Leo ndiye anayetupangia viti.

NEEMA: Wengine hujiuliza kama ni lazima kikundi kiwe chini ya chama kikubwa.

ZUHURA: Si lazima, lakini mimi nashauri mtu akitembelee kwanza chama kilichokwisha kuwepo kabla ya kuanzisha chake. Chama cha Girl Guides, yaani skauti wa kike, cha Tanzania kilianza mwaka 1928, wakati wa Tanganyika, na kikawa mwanachama kamili wa shirikisho lake la dunia mwaka 1963. Mlezi mpya anayejiunga na chama cha namna hiyo hupata mafunzo, hupata utaratibu wa shughuli kulingana na umri, na hupata wanawake waliomtangulia wa kuwauliza. Wasichana nao hupata kitu ambacho wewe peke yako huwezi kuwapa. Tarehe 22 Februari ya kila mwaka, ambayo ni siku ya Girl Guides duniani, msichana wa Tandika hujua kwamba wenzake wa India na Uswisi wanaiadhimisha siku hiyohiyo.

NEEMA: Kuna jambo katika historia ya chama hicho ambalo linanigusa kila ninapolikumbuka. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliwachukua wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawagawa katika makundi manne madogo, kila kundi na kiongozi wake miongoni mwao. Miaka miwili baadaye maskauti walikusanyika kwa maelfu Crystal Palace, London, na katikati yao wakatokea wasichana wachache ambao hakuna aliyewaalika, wakisema kwamba nao wanataka. Mwaka 1910 ndipo chama cha wasichana kikaundwa, chini ya dada yake, Agnes Baden-Powell. Maana yake ni kwamba wasichana walikuja kwanza, na walezi wakafuata.

ZUHURA: Umesema jambo ambalo mlezi mpya hulisahau upesi. Mimi mwenyewe katika mikutano ya mwanzo nilisimama mbele kama mwalimu, nikazungumza saa nzima kuhusu usafi, kujiamini na mitihani, nao wakakaa kimya wakinisikiliza kwa adabu. Nikadhani nimefaulu. Ule ulikuwa ukimya wa darasani, wa mtoto anayesubiri kengele. Siku niliyowagawa katika makundi ya watu sita sita, kila kundi likachagua kiongozi wake na kuombwa kupanga nusu saa ya mkutano unaofuata, kelele zilianza, na mipango mingine ilivurugika kabisa. Kundi moja lilitaka kutufundisha kusuka ukili, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kuleta ukili. Nilijizuia nisiwaokoe. Wiki iliyofuata walikuja na ukili wa kutosha watu wote, wakaja pia na bibi wa mmoja wao awasaidie kufundisha, na hilo la bibi sikulifikiria mimi.

NEEMA: Kwangu kujizuia huko ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Nikiona kazi inakwenda polepole, mikono yangu inataka kuimaliza.

ZUHURA: Kaa mbali kidogo, lakini uwe mahali wanapokuona. Wakikuhitaji watakuita.

NEEMA: Tuje kwenye usalama, Bi Zuhura, na ningependa tusiharakishe hapa.

ZUHURA: Tusiharakishe. Kwanza, wakati wote wawepo watu wazima wawili, na wasiwe mke na mume wala ndugu, na angalau mmoja awe mwanamke. Girl Scouts wa Marekani wana kanuni kama hiyo, na hata kikundi cha watoto wanane katika uwanja wa nyuma ya nyumba kinaihitaji. Pili, mlezi asikae na msichana mmoja faraghani mlango ukiwa umefungwa. Mkihitaji kuzungumza wawili, kaeni pembeni, mahali ambapo wengine wanawaona bila kuwasikia. Tatu, usiwe na mazungumzo ya siri na msichana kwenye simu; ujumbe wa kikundi uende kwa mzazi. Nne, usipige picha na kuisambaza bila idhini ya mzazi na ya msichana mwenyewe, kwa kuwa wapo wasiopenda ijulikane wako wapi siku fulani na saa fulani.

NEEMA: Na siku msichana anapokuambia jambo zito?

ZUHURA: Siku hiyo itafika, mdogo wangu, kwa sababu ukishakuwa mtu wa kuaminika, utaaminiwa na mambo mazito. Mara nyingi mtoto huanza kwa kuuliza, "Dada, nikikuambia kitu hutamwambia mtu?" Usimwahidi. Mwambie kwamba utamsikiliza, na kwamba ikiwa kuna mtu anayemuumiza itabidi umtafutie msaada, lakini hutafanya lolote bila yeye kujua. Kisha nyamaza usikilize. Usimhoji kama askari, usimuulize alikuwa amevaa nini au kwa nini hakusema mapema. Akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na haitozwi. Usiende kumkabili mtuhumiwa mwenyewe, na usikubali kuketishwa kwenye kikao cha kifamilia cha kuyamaliza mambo kimyakimya.

NEEMA: Hilo la vikao vya familia linahitaji ujasiri, hasa pale mtuhumiwa anapokuwa mtu anayeheshimiwa mtaani.

ZUHURA: Linahitaji, na ndiyo maana majina na namba za watu hao uwe nazo kabla ya mkutano wa kwanza. Nenda ukajitambulishe kwa afisa ustawi wa kata yako wakati hakuna tatizo lolote, ili siku ya tatizo uwe unamwendea mtu anayekufahamu.

NEEMA: Na fedha?

ZUHURA: Fedha ziwe kidogo na zionekane. Wasichana wachague mweka hazina, waandike daftari wenyewe, na walezi wote wawili watie saini. Mchango usiingie kwenye simu yako ukachanganyika na nauli yako. Wetu huuza kashata na visheti, na kila mwezi husomewa mapato na matumizi mbele ya wazazi.

NEEMA: Kwa fedha kama hizo ndipo tulipofanya safari yetu ya kwanza mwezi wa nane. Tulikuwa wasichana kumi na wanne na watu wazima watatu, tukavuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, na wengine walikuwa hawajawahi kuvuka maji hata mara moja ingawa wamezaliwa mjini hapa. Kila mzazi alikuwa ametia saini karatasi yenye saa ya kuondoka, saa ya kurudi na namba zetu. Tulikuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza, maji ya kunywa na pedi za akiba, na wasichana walitembea wawili wawili, kila mmoja akimjua mwenzake. Nilidhani kazi ya kuhesabu ni yangu, lakini kabla hatujashuka kiongozi wa kundi dogo, mtoto wa miaka kumi na miwili, alinijia akasema, "Dada Neema, kundi langu tumetimia, tuko saba." Mwenzake akafuata akasema vivyo hivyo. Nami nikahesabu tena, kwa kuwa ndio wajibu wangu, na tulikuwa kumi na wanne.

ZUHURA: Nawe ulikuwa na miezi mingapi katika kazi hii?

NEEMA: Mitano. Wasikilizaji wetu, katika kipindi kijacho Bi Zuhura atatueleza namna ya kuandaa kambi ya kwanza ya kulala nje, kuanzia kuomba idhini ya wazazi hadi nani alale karibu na mlango. Asante sana, dada yangu.

ZUHURA: Asante nawe. Jumamosi saa tisa nipo Temeke. Anayetaka kuja kutazama kabla ya kuanza kikundi chake, aje na barua ya mwenyekiti wake wa mtaa, nasi tutampa kiti.