Vifumbu Ndani ya Simu

Assalaam alaykum, ndugu zangu mafundi wa Chake Chake, na nyinyi mliotoka Wete na Mkoani.

Nianzie jikoni. Nazi ikishakunwa hutiwa kwenye kifumbu ikakamuliwa: tui linapita, machicha yanabaki. Simu janja mnazofungua kila siku zina vifumbu vya namna hiyo makumi kwa makumi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Hewani mawimbi ya mitandao yote yamechanganyika na ya redio, televisheni na vyombo vya baharini. Kila chujio, ndicho hicho kifumbu cha simu, huachia masafa yake tu, yaani mawimbi yenye idadi yake ya mitikisiko kwa sekunde.

Namna linavyofanya kazi hainichoshi kuieleza. Wimbi la megahezi 900, yaani mitikisiko milioni 900 kwa sekunde, likiwa hewani lina urefu wa sentimita 33 hivi. Litachujwaje ndani ya kitu cha kutia mfukoni? Antena hulipokea wimbi likawa umeme, na umeme huo hugeuzwa kuwa mtikisiko kwenye fuwele, yaani sauti hasa, ingawa sikio haliipati. Wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Sauti ile ndani ya fuwele huenda kama kilomita 4 tu. Kwa mwendo huo wa taratibu, zile sentimita 33 hujikunja zikawa kiasi cha sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita moja. Subhanallah!

Sasa soko. Simu janja zinazouzwa duniani zimeganda kwenye bilioni 1.2 hivi kwa mwaka, basi soko la vipuri vya redio vya simu, kama machujio haya, litakua vipi? Msihesabu simu, hesabuni vilivyomo ndani yake. Simu ya 2G ya kuzunguka nayo dunia ilitosheka na bendi 4, yaani vipande 4 vya masafa: megahezi 850, 900, 1800 na 1900. Simu ya 5G ya bei kubwa leo hushika zaidi ya 40, na kila bendi inayoongezwa hudai kuchujwa, kukuzwa na kupewa njia ya kufika kwenye antena. Kwa hiyo mimi natazamia ukuaji kwenye simu za bei ya kati zinazohama kutoka 4G kwenda 5G. Zile za bei ya juu zimeshajaa.

Hatari ipo, tena kubwa. Skyworks, kampuni ya Marekani inayotengeneza vipuri hivi, imekuwa ikipata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa Apple peke yake. Mteja huyo akibadili mpango, kampuni inatikisika. Wachina nao wanajitengenezea vyao, na bei zinashuka.

Haya yanatugusa hapa Pemba. Masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, ndiyo yanayofika mbali na kupenya mikarafuu. Ndugu yangu aliletewa simu nzuri kutoka ng'ambo. Mjini ilikamata, shamba ikawa bubu. Nilikesha nikiipiga programu mpya, kumbe ilitengenezwa kwa soko lenye bendi nyengine. Chujio lisilokuwepo haliletwi na programu. Mteja akikuulizeni anunue ipi, tazameni kwanza namba ya modeli na bendi zake, ndipo mzungumze kamera.

Nimekuja na bodi tatu, ya 2G, ya 4G na ya 5G. Zimeshawekwa chini ya darubini. Sogeeni muhesabu wenyewe.