Matairi ya A/T kwa barabara za Goma: anza na ubavu

Jambo kwenu nyote mnaotazama. Kabla ya maneno mengi, angalieni tairi hili. Nalizungusha polepole kamera ilione vizuri. Meno bado yana milimita nane, yaani lilikuwa na safari nyingi mbele yake. Sasa nalilaza. Huu hapa ubavu. Mnaona ulivyochanika? Kidole changu kinapita mpaka ndani. Lilikuwa jiwe moja tu, kwenye kichochoro cha kuingia nyumbani Ndosho, gari likienda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Tairi likaishia hapo.

Matairi mengi ya Goma yanafia ubavuni. Lakini mtu akienda dukani anatazama meno peke yake: makubwa, marefu, yanapendeza, analipa. Leo nataka tulichague tairi kwa kuanzia pale linapofia. Matairi ninayozungumzia ni yale yenye herufi A/T, ya kutembea kwenye lami na nje ya lami.

Hatua ya kwanza, usiende dukani. Chukua karatasi, kwa wiki nzima andika gari lako limepita wapi hasa. Kwa mfano mimi: asubuhi Ndosho hadi Katindo, lami. Jioni Birere, lami na mashimo. Mita mia tatu za mwisho kufika nyumbani, makoro matupu, yaani mawe ya lava. Mara mbili kwa mwezi napanda Masisi kwa njia ya Sake, na mvua ikinyesha udongo ule unateleza kama sabuni. Huyo ni mtu wa A/T. Lakini kama una RAV4 inayolala Himbi na kushinda mjini, na lami inafika mpaka getini kwako, nakuomba uhifadhi pesa zako. Tairi la H/T, lile la barabara kuu, litafunga breki vizuri zaidi kwenye lami yenye maji, halina kelele, na halili mafuta sana.

Upande wa pili kuna M/T, tairi la matope. Meno yake yako mbalimbali kama vidole vilivyotanuliwa. Kwenye tope la Masisi linajisafisha lenyewe likizunguka, hilo silipingi. Ila kwenye lami ya mjini, mvua ikinyesha, sehemu ya mpira inayogusa barabara ni ndogo, kwa hiyo gari linachelewa kusimama. Kelele zake utazisikia mpaka usingizini. Kama wiki yako ina siku tano za lami na moja ya tope, M/T si lako.

Hatua ya pili. Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko kwenye nguzo. Kwenye hii Prado kimeandikwa 265/65R17. Linganisha na tairi lenyewe, maana gari likishapita mikononi mwa watu watatu huenda limevalishwa kitu kingine kabisa. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya upana ule. R ni aina ya ufumaji wa ndani, radiali. 17 ni inchi za janti, ile duara ya chuma inayovalishwa tairi. Baada yake kuna namba na herufi, hapa 112S. Hiyo 112 inasema tairi moja linabeba hadi kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Mwendo huo hatuna pa kuutumia. Mzigo ndio wetu: viazi, makaa, magunia ya maharage, watu saba ndani na vitu juu ya paa. Namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya kibandiko, hata muuzaji akikuambia ni sawa tu.

Wengi wananiuliza kuhusu kuongeza ukubwa, waweke 265/70R17 gari linyanyuke. Tuhesabu pamoja. Kimo cha tairi zima kinatoka milimita 776 kwenda 803, karibu milimita 27. Lakini gari linapanda nusu yake tu, kama milimita 13, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Na saa ya mwendo itakudanganya: ikionyesha 100, wewe uko 103 na zaidi. Ukitaka kuweka, kwanza zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, uone kama tairi linakwaruza.

Sasa hatua ya tatu, na hapa naomba tusiharakishe. Mdogo wangu, leta kamera karibu na lile tairi lililochanika.

Tazameni ndani ya huo mchaniko. Mnaona nyuzi? Hizo ni nyuzi za kitambaa, poliesta. Sasa nimeukata uso wa tairi hili kwa msumeno, tazameni: hapa chini ya meno kuna mikanda ya chuma. Msumari ukiingia usoni unakutana na chuma, na hata ukipita, kwado, fundi wetu wa matairi, anaziba, maisha yanaendelea. Ubavuni hakuna mikanda hiyo. Kuna mpira na kitambaa, kwa sababu ubavu ni lazima ukunjike kila tairi linapozunguka. Kwa sababu hiyohiyo, ubavu uliochanika hauzibiki ukawa salama. Najua wapo mafundi wanaoshona na kuweka kipande cha mpira ndani. Kikufikishe nyumbani polepole, kisha usiwabebe watoto wako kwa tairi hilo tena.

Na makoro yetu si mawe ya kawaida. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ni nyepesi, inatiririka kama uji, halafu inapoa haraka ikiwa na mapovu ndani. Ikipasuka, kingo zake zinakuwa kali kama chupa iliyovunjika. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji ikafika ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, mlangoni pa mji. Tumejenga juu yake, tumepiga kuta kwayo, na vichochoro vyetu ni hiyo hiyo. Tairi lililobuniwa kwa ajili ya mchanga au nyasi halikuandaliwa kwa jambo hili.

Kwa hiyo dukani, lisimamishe tairi, uache meno, uinamie ubavu. Tafuta maandishi madogo yanayotaja matabaka. Kwa Kiingereza yameandikwa SIDEWALL, kisha idadi na neno PLY. Matairi mengi ya magari madogo yana tabaka moja au mawili. Yapo ya A/T yenye matatu, na kwa makoro mimi napendelea hayo. BFGoodrich, waliotoa A/T yao ya kwanza mwaka 1976, wanajulikana kwa ubavu wa namna hiyo, lakini si wao peke yao, na jina kubwa lisikuzuie kuinama na kusoma. Kampuni moja inaweza kutengeneza saizi ileile kwa nguvu mbili tofauti.

Tofauti hiyo utaijua kwa herufi LT mbele ya saizi. LT265/70R17 ni tairi la magari ya mizigo midogo, limefumwa kwa uimara zaidi. Karibu yake kuna herufi nyingine, C, D au E. E inahesabiwa kuwa na nguvu ya matabaka 10. Si kwamba utayakuta 10 ukilipasua, ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi za nyuzi za pamba. Ubaya wake niuseme wazi: ni zito, linarusha gari likiwa tupu, linaongeza mafuta kidogo. Kwa Hilux ya mizigo, chukua E bila kusita. Kwa Prado ya familia, C yenye ubavu mzuri inatosha.

Kisha pitisha kiganja hapa, kwenye bega, pale uso unapokutana na ubavu. Tairi zuri kwa njia zetu lina meno yanayoshuka kidogo ubavuni, kama kucha. Makoro yanakwaruza kucha hizo kabla ya kufikia kitambaa.

Hatua ya nne, meno. Hapa nitapita haraka. Yawe na nafasi ya kutema tope, lakini yasiachane kama ya M/T. Katikati ya kila jino kuwe na mipasuo myembamba, hiyo ndiyo inayoshika lami yenye maji. Chini ya mifereji kuwe na vinundu vidogo vya kusukuma mawe nje, la sivyo kokoto itakaa humo na kutoboa kidogo kidogo. Alama ya mlima wenye theluji ni ya nchi za baridi, usiilipie zaidi.

Hatua ya tano, umri. Tafuta herufi DOT, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho. Hapa naona 2319. Ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukizikosa upande huu, zungukia upande wa pili. Tairi lililokaa miaka mingi kwenye jua la dukani linakauka, hata kama halijawahi kugusa barabara. Kunja mpira kidogo kwa vidole: ukiona nyufa ndogo kama za udongo wa Julai, rudisha.

Wanaonunua yaliyokwisha tumika, jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Niliuziwa manne, meno marefu, meusi, yanang'aa. Nikayalipa kwa furaha. Wiki ya pili nikaona waya kwenye moja. Kumbe mtu alikuwa amechukua tairi kipara akachonga mifereji upya kwa kisu cha moto, akapaka rangi. Nilikuwa nabeba mama yangu kwenye gari hilo. Tangu siku ile natazama sakafu ya mfereji. Mfereji wa kiwandani una vizingiti vidogo vinavyoonyesha mwisho wa meno, kwenye milimita 1.6. Mfereji wa kuchongwa hauna vizingiti, na kingo zake zinayumba. Ingiza na mkono ndani ya tairi, upapase ubavu wote. Ukihisi kiraka au uvimbe, acha hapo.

Hatua ya sita, kufunga. Prado inaendesha magurudumu yote manne muda wote. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili ya kipara nyuma, yanazunguka kwa hesabu tofauti, na gia za katikati ndizo zinazolipa. Nunua manne kwa pamoja, aina moja. Ukiweza, matano, kwa sababu tairi la akiba la saizi nyingine litakusumbua siku ile ile unayolihitaji. Mwambie papa kwado abadilishe valvu, asirudishe za zamani. Wenye Land Cruiser za kazi, zenye 7.50R16 na mpira wa ndani, wabadilishe na mpira wa ndani pia.

Hatua ya saba, upepo. Hapa watu wanaharibu matairi mazuri.

Kibandiko cha gari hili kinasema bar 2.2. Hiyo ni kwa tairi la kiwandani. Tairi la LT linahitaji upepo zaidi ili libebe uzito uleule, kwa hiyo mimi naweka 2.6 mjini, na 2.8 nikipanda na mzigo. Napima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likipata moto presha inapanda yenyewe. Usiitoe, ikipoa utabaki pungufu.

Kwenye makoro kuna ubishi mkubwa. Wengine wanasema jaza sana liwe gumu. Tairi gumu likikutana na ncha halikunjiki, uzito wote unakaa juu ya ncha ile, linatoboka. Wengine wanasema toa sana liwe laini. Tazameni, natoa mpaka 1.4. Mnaona ubavu ulivyofura ukatokeza nje ya janti? Sasa huo ndio utakaokutana na jiwe la pembeni kwanza. Nimeishia katikati: 2.0 au 2.1, mwendo usiozidi 30, na macho yatazame mawe ya pembeni kuliko ya katikati. Jiwe lenye ncha, likiwa si refu la kugusa chini ya gari, ni heri ulikanyage kwa uso wa tairi, polepole, kuliko kulikwepa likukwaruze ubavu.

Kwenye tope la Masisi ni tofauti. Hapo shuka mpaka 1.6, tairi litandike. Lakini kampresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri iwe garini, maana ukirudi kwenye lami na presha hiyo, ubavu unapata moto na unaweza kupasuka. Wa 7.50R16 wasishuke hivyo, mpira wa ndani unaweza kuzunguka ukakata valvu.

La mwisho ni nati. Zikazwe kwa kuvuka, hii kisha ya mkabala wake, na mkazo wa mwisho gari likiwa limeshushwa chini. Kisha tembea. Kutoka hapa hadi Sake na kurudi ni karibu kilomita 50. Ukirudi, acha magurudumu yapoe, chukua spana, pitia nati zote tena, moja baada ya nyingine. Mimi juzi nimekuta mbili zimelegea kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Nimezikaza, na sasa nazionyesha hapa: hii, na hii.