Pedi za Breki za Nyuma Zikiisha Kabla ya za Mbele

Haya tuanze, wale mko mlangoni ingieni, viti vikiisha kalia tairi, hii ni gereji si kanisa. Nimekuja na mfuko. Ndani kuna pedi 4 za breki, zote za nyuma, zote zimetoka kwa Prado moja ya mzee analima viazi huko Molo, na nataka zipite kwa mikono yenu kabla sijasema lolote.

Zikizunguka niwaambie aibu yangu. Huyo mzee alikuja hapa Nakuru nikambadilishia pedi za nyuma, baada ya miezi 4 akarudi zimekwisha, nikasema hizo spea ni feki, nikaweka zingine za bei, miezi 4 tena huyo hapo getini, nikasema basi ni dereva ana mguu mzito. Yaani nilimlaumu kila mtu isipokuwa fundi. Na pedi za zamani nilikuwa natupa kwa debe la takataka bila hata kuziangalia!

Tukumbushane kidogo. Ukikanyaga breki gari inainama mbele, uzito mwingi unakimbilia huko, breki za mbele zinafanya kama asilimia 70 ya kazi. Ni kweli pedi za nyuma mara nyingi ni ndogo tangu dukani, kwa hivyo zikiisha karibu pamoja na za mbele usipige kelele. Lakini za nyuma kuisha mara mbili na za mbele bado nene, hapo kuna kitu. Na usiniambie ni mteremko wa Sachangwan, mteremko unakula za mbele kwanza.

Sasa ziangalie. Kama ya ndani imekwisha na ya nje bado iko, kalipa, ile kitu inabana pedi kwa diski, ile sahani ya chuma inazunguka na tairi, haitelezi, pini inazoteleza juu yake zimekauka ama zimeshika kutu. Ikiisha upande mmoja kama kabari, mara nyingi ni pini moja imeshika. Pedi za tairi moja zikiisha na za mwenzake ziko sawa, shida iko kwa hiyo tairi, usiende mbali. Lakini hizi za mzee, wewe mama umezishika, unaona tofauti? Eeh, hakuna. Zote 4 zimekwisha sawasawa, kulia, kushoto, ndani, nje. Kitu kilichokwama hakiwezi kugawa kazi vizuri hivyo. Hapo unaacha kuuliza ni nini imeshika unauliza nani anakanyaga breki.

Jibu ni kompyuta. Hizi gari za foo wili za siku hizi tairi ikiteleza kwa matope, kompyuta inaibana na breki ili nguvu iende kwa ile nyingine, na dereva hata hajagusa pedali. Mzee anaingia shamba kila siku, mvua ya Molo mnaijua, nikamuuliza kuna taa inawakawaka kwa dashibodi na mlio wa krrr chini? Akasema hiyo huwa inawaka tu, nilifikiri ni kawaida. Ongeza matope ndani ya kalipa, ni msasa huo. Nikamwonyesha aweke low, ile gia ya nguvu, kabla hajaingia matope, afunge difloki ndio tairi zizunguke pamoja, asikanyage mafuta sana, na jioni apige maji ndani ya rimu si bodi peke yake.

Sasa ukipata breki imekwama kweli, usikimbilie kununua kalipa. Inua gari, zungusha tairi kwa mkono, ikiwa ngumu fungua kidogo nipo ya kalipa, ile ya kutolea hewa. Mafuta ya breki yakiruka na tairi ikaachilia, kulikuwa na presha imefungiwa ndani. Funga, kanyaga breki tena, safari hii legeza pale paipu ya chuma inaingia kwa hosi ya mpira. Ikiachilia hapo, shida iko juu, kwa masta, ile pampu inasukumwa na pedali, ama valvu. Isipoachilia mpaka urudi kwa nipo, hiyo hosi imevimba ndani, inapitisha mafuta kwenda na kuyakataa kurudi, na kwa macho utaiona nzima kabisa. Na kama hata kwa nipo tairi haikuachilia, basi ni pistoni, ile inasukuma pedi, ama pini, ama kebo ya handbreki.

Handbreki yenyewe, kuwa makini. Ya Prado ina breki shuu zake ndogo ndani ya diski, haigusi pedi hata kidogo. Kuna gari zingine kebo inavuta kalipa yenyewe, hizo sawa, ilaumu.

Kwa pikapu kuna valvu nyuma ina mkono umeshikana na ekseli, inapima vile gari imelala, ikilala inapeleka breki nyingi nyuma. Springi zikichoka gari iko tupu lakini valvu inadhani umebeba magunia ya mahindi. Hiyo nimeiona mara chache lakini ipo.

Pini za kalipa zipakwe grisi ya breki, ile ya silikoni, si hii ya bearing, hii inavimbisha raba halafu tunarudi pale pale.

Prado ya mzee iko nje kwa jeki, ana miezi 11 sasa na pedi zile zile. Twendeni tukafungue. Imetoka barabarani saa hii, bado ni moto, kwa hivyo mtu asiguse diski.