Kibaba cha bibi na vitabu vya hesabu

Asalaam alaykum watu wangu wa Amu, na nyote mnaonitazama kutoka Malindi, Mombasa na kwengineko. Leo sipo Leicester, kule Uingereza ninakoishi. Niko Mkomani, darini kwa mamangu, nimekuja likizo ya wiki tatu, na hizo kwato mnazosikia ni punda wanapita chini na mawe ya ujenzi.

Tangu niliposema kwamba wanangu wawili nawasomesha mwenyewe nyumbani, swali linalorudi kila video ni hili: hesabu unawafundisha kwa kitabu gani? Kuna dada wa Shela ana mtoto wa miaka mitano, anataka nimpe jina la kitabu akinunue. Dada yangu, majina nitakupa. Lakini nisikilize kwanza, maana mimi nilianza kwa kununua, na karibu mwaka mzima ukapotea.

Kule Uingereza mzazi anayesomesha nyumbani halazimiki kufuata mtaala wa taifa. Kuchagua ni juu yako. Kijana wangu alipotimia miaka minne nikanunua seti nzima, vitabu vya rangi, na nyota za kubandika kila ukurasa ukiisha. Akajaza kurasa. Akaandika moja mpaka mia bila kukosa, nami nikashukuru Mungu.

Ikaja Ramadhani. Jioni moja nikamwambia, baba, mtilie babako tende saba kwenye sahani. Akatia, anahesabu kwa sauti, lakini kidole kinaruka, mara tende mbili neno moja, mara neno bila tende. Nikamuuliza, ziko ngapi? Akaanza upya: moja, mbili, tatu… Nikamuuliza tena, ziko ngapi? Akaanza upya tena. Hakujua kwamba lile neno la mwisho ndilo jibu. Adhana ya magharibi ikaingia nikiwa bado naitazama ile sahani. Iliniuma sana. Mwanangu alikuwa amezishika namba kama mtoto anavyoshika wimbo.

Baadaye ndipo nikajua jambo hili lina jina na limeandikwa zamani. Watafiti wawili, Gelman na Gallistel, mwaka 1978 walieleza kanuni tano za kuhesabu. Miongoni mwake: kila kitu kipate neno lake moja, na neno la mwisho ndiyo idadi ya vyote. Mtoto akikosa hizo, kuandika mpaka mia ni kuchora tu.

Kwa hiyo siku hizi nikipewa mtaala wowote, nafungua somo la kwanza nione mtoto anaambiwa ashike nini. Kama ni penseli peke yake, naurudisha. Njia ya Singapore, waliyoijenga miaka ya 1980, inaanza na vitu, halafu picha, halafu ndiyo tarakimu. Wenye mtaala wa Math-U-See wana vipande vya plastiki vya rangi, kila urefu na namba yake. Wenye mtaala wa RightStart wana fremu ya shanga, kila mstari shanga kumi, tano rangi moja na tano rangi nyingine, mtoto anaiona saba kuwa ni tano na mbili kabla hajahesabu. Hiyo ndiyo niliyomchukulia binti yangu, mwanangu wa pili, na mpaka leo sijajuta.

Mitaala mingine, kama Saxon, inagusa mambo mengi kidogo kidogo na kuyarudia. Math-U-See inakaa juu ya jambo moja mpaka liive. Mtoto anayechoka haraka hupenda ile ya kwanza. Na umri usikudanganye: fanyeni jaribio la kupima kiwango, aanzie pale anapojua. Dakika kumi na tano kwa siku zinamtosha wa miaka mitano, hasa akiwa ametoka chuoni kusoma Kurani na kichwa kimejaa.

Lakini kuna mali mliyo nayo nyinyi na hamjaithamini: Kiswahili chenyewe. Mtoto wa Kiingereza akisikia neno lao la kumi na tatu, kumi imejificha ndani. Wetu anaambiwa waziwazi, kumi na tatu. Shida yetu ni thelathini na arobaini, maneno ya Kiarabu yasiyomwonyesha kitu, basi mimi nasema kwanza makumi matatu, makumi manne, thelathini inakuja baadaye. Na pia wawili, viwili, mawili, mbili, yote hayo kwa mtoto mdogo ni maneno manne. Hesabuni watoto, vikombe, maembe, tende, mpaka aone ni mbili ileile.

Jana mamangu, bibi yao wanangu, alikuwa anapima mchele. Ana kibaba cha bati, anajaza, anapangusa juu kwa kiganja kiwe cha mfuto, yaani sawasawa na ukingo. Akamwambia binti yangu, nataka pishi, na pishi ni vibaba vinne. Binti akamimina kimoja, akapangusa vilevile kama bibi. Akamimina cha pili, akatua, akatazama ndani ya sufuria. "Hiki ni kisaga, bibi. Bado kisaga kingine." Kisaga ni vibaba viwili. Mtoto wa miaka mitano, nusu ya pishi ameiona kwa macho yake. Mimi sikumfundisha.

Basi dada wa Shela, kabla hujatoa hata shilingi, pakua miundo ya mtaala ya PP1 na PP2, ile miaka miwili ya kabla ya darasa la kwanza, kutoka tovuti ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Kwenye hesabu mna kuainisha vitu, namba na kupima, na vyote hivyo jikoni kwako vipo. Wiki hii mpe tende, mwulize ziko ngapi, unyamaze usikilize. Jumamosi navuka Shela kwa boti, inshallah. Nitakuja na ile fremu ya shanga, tukae naye barazani.