Shati la Shilingi Elfu Nne: Nani Huruhusiwa Kulinda Soko Lake?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, ndugu wanafunzi, pamoja na wageni wetu mliopanda mlima kuja kutusikiliza jioni hii, asanteni kwa kufika.

Shati ninaloliweka hapa mezani nililinunua jana asubuhi katika soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwa shilingi elfu nne baada ya kupatana kidogo. Nilifika wakati belo la mitumba linafunguliwa. Wanaoijua kazi hiyo wanaelewa kwamba dakika zile za kwanza, mikanda inapokatwa na nguo kumwagwa juu ya turubai, ndizo zinazoamua kama mwenye belo atapata faida au atakula hasara wiki nzima, kwa kuwa amelinunua likiwa limefungwa na hajui kama ndani mna gredi ya kwanza au mna matambara. Kwenye kola ya shati hili kuna lebo mbili. Moja ni ya duka la Ulaya ambalo sina haja ya kulitaja. Nyingine inasema limeshonwa Bangladesh, kwa pamba asilimia 60 na poliesta asilimia 40. Ningependa tulifuate shati hili kinyumenyume, kwa sababu madhara ya utandawazi ni vigumu kuyaona katika hotuba za mikutano, lakini katika nguo yanaonekana kila kituo.

Tuanze na aliyelishona. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar, pembezoni mwa jiji la Dhaka, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wanawake vijana waliokuwa wamekwisha kukaa kwenye mashine zao. Siku moja kabla yake nyufa zilikuwa zimeonekana. Tawi la benki lililokuwa katika ghorofa za chini lilifungwa, na wafanyakazi wake wakabaki salama majumbani. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini asubuhi iliyofuata. Jengo ni lile lile, ufa ni ule ule. Tofauti ni kwamba karani wa benki hakuwa na mzigo wa kupakia melini, ilhali mwenye kiwanda cha nguo alikuwa nao, na alijua kwamba akichelewa mnunuzi anaweza kukata malipo au kuipeleka oda ijayo kwa mwingine, pengine katika nchi nyingine kabisa. Kima cha chini cha mshahara wa mshonaji wakati huo kilikuwa taka 3,000 (taka ni sarafu ya Bangladesh) kwa mwezi, yaani dola 38 hivi. Mnunuzi wa Ulaya hakumwajiri mshonaji huyo wala hakulimiliki jengo lile. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuhama, na mwenye uwezo wa kuhama hahitaji kumtisha mtu. Wanaobaki hutishana wenyewe kwa wenyewe kwa kushusha bei.

Tukirudi nyuma zaidi, tunafika kwetu. Pamba haina lebo, lakini isingekuwa ajabu kama ya shati hili ingekuwa imelimwa Bariadi au Meatu. Mkulima wa Kanda ya Ziwa huuza pamba mbegu kupitia chama chake cha msingi, kinu huichambua, na pamba nyuzi hufungwa marobota; sehemu kubwa ya marobota hayo huondoka nchini bila kuguswa na mtambo wowote wa kusokota. Haikukusudiwa iwe hivyo. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na katika mji huu kulikuwa na Mwatex, kule Musoma kulikuwa na Mutex, hivi viwili vikiwa vimewekwa karibu na shamba ili pamba isisafiri mbali. Katikati ya miaka ya 1980 uagizaji wa mitumba uliruhusiwa, na mwaka 1986 Serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa marekebisho ya uchumi, uliozidi kulifungua soko. Sitaki kuwadanganya kwamba viwanda vile vilikuwa na afya njema: umeme ulikatika, vipuri havikupatikana, na usimamizi wa mashirika ya umma tunaufahamu. Mgonjwa, hata hivyo, hatibiwi kwa kuingizwa ulingoni. Hakuna kiwanda, hata chenye meneja malaika, kinachoweza kushindana kwa bei na shati ambalo mwenyewe wa kwanza amelitoa bure.

Hapo mtu ataniuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona wewe mwenyewe unanunua mitumba? Nanunua, kama wengi wetu humu ukumbini, na siwezi kumlaumu mama anayesomesha watoto kwa meza ya nguo za watoto. Hoja yangu ni nyingine. Ni kuhusu kilichotokea siku nchi zetu zilipoamua kusema basi.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana jijini Arusha kwamba nguo na viatu vilivyotumika vipunguzwe hatua kwa hatua hadi viondolewe sokoni ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwezi Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo, kikidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zilikuwa hatarini. Fimbo iliyotumika ni AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kusini mwa Sahara kuingia nchini humo bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vya kushona nguo za soko la Marekani kule Athi River, karibu na Nairobi, ilijitoa mapema katika azimio hilo. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza msimamo. Rwanda peke yake ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo, mauzo ya dola milioni 1.5 hivi kwa mwaka. Taifa kubwa namna ile kuhangaika na nguo za dola milioni moja na nusu kunaonyesha kwamba shabaha haikuwa Rwanda tu, bali na waliokuwa wakitazama.

Na hiyo Athi River iliyotufanya tutetemeke, tuitazame kwa karibu. Masharti ya AGOA yameruhusu nguo zishonwe kwa kitambaa kutoka nchi ya tatu, kwa hiyo kitambaa hutoka Asia, hukatwa na kushonwa Kenya, kisha huenda Marekani. Pamba yetu inapanda meli kwenda Asia, nacho kitambaa kinashuka melini Mombasa. Ni kama khanga zetu, ambazo nyingi huchapwa India zikiwa na methali za Kiswahili.

Sasa linganisheni na namna wakubwa walivyojitendea. Kuanzia mwaka 1974 hadi mwisho wa 2004, Marekani na nchi za Ulaya zilikuwa na mikataba ya kimataifa iliyowaruhusu kuweka ukomo wa nguo zinazotoka nchi maskini, ili viwanda vyao vipate muda wa kujipanga. Walijipa miaka zaidi ya 30. Afrika Mashariki haikuachiwa hata mitatu.

Pamba nayo ina kisa chake. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali ziliomba mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku za nchi tajiri kwa wakulima wao wa pamba zikomeshwe, maana ruzuku hukuza mavuno na mavuno hushusha bei kwa kila mtu, akiwamo mkulima wa Maswa asiyepewa ruzuku ya aina hiyo. Brazil, yenye mawakili na ubavu, ilikuwa imekwisha kuishtaki Marekani na ikashinda. Badala ya kuziondoa ruzuku zile, Marekani ilikubali mwaka 2010 kuilipa Brazil dola milioni 147.3 kila mwaka ili isilipize kisasi cha kibiashara. Kwa maneno mengine, ililipa wakulima wa Brazil ili iendelee kulipa wa kwake. Burkina Faso haikuwa na cha kulipizia kisasi, kwa hiyo haikulipwa.

Nimebakiza kituo cha mwisho, ambacho wachumi huwa wanakiruka. Shati hili nimelichagua mimi. Katika belo lile lile yamo yasiyochaguliwa na mtu, yaliyochanika makwapani au yenye madoa ya rangi. Zamani nguo ya pamba ilioza ardhini. Poliesta ni plastiki. Ikichomwa moshi wake ni wa plastiki, ikitupwa mtoni hukatikakatika kuwa nyuzi ndogo zisizoonekana, ambazo maji huzibeba. Nairobi, masalia ya soko la Gikomba, lililo kando ya mto, huishia mtoni humo au katika jalala la Dandora. Ulaya gharama ya kulizika shati hili haipo tena, kwa sababu kwenye vitabu vya biashara lilihesabiwa kuwa bidhaa iliyouzwa nje. Huku kwetu muuzaji hawezi kulirudisha belo, kwa kuwa alilinunua limefungwa; na ushuru unapotozwa kwa kilo, gharama ya kuingiza yale matambara ya jalalani imo tayari ndani ya bei aliyolilipia.