Kabla ya Embakasi kulikuwa na Wilson

Haya jamani, wa nyuma msisimame, viti viko huku mbele. Nianze na swali dogo, ni wangapi hapa mmewahi kukwama kwa jam pale Lang'ata Road mkaona vindege vinashuka juu ya vichwa vyenu? Karibu wote. Huo ni uwanja wa ndege wa Wilson. Na Wilson mwenyewe alikuwa nani? Eee, kimya. Wengi huniambia ni gavana flani wa kikoloni, ama mwanajeshi. Alikuwa mama.

Florence Kerr Wilson, mke wa settla, mumewe alifariki 1928 na mwaka uliofuata tu akatoa hela zake akaanzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege moja, Gipsy Moth. Sasa mkisikia ndege msiwaze hizi za leo, hiki ni kidude cha mbao na kitambaa, bawa juu bawa chini, viti viwili, kichwa chako kiko nje kwenye upepo, na mabawa unayakunja ukitaka kuiingiza bandani. Na Nairobi yenyewe iko juu, pale uwanjani ni kama mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi tayari, jua la mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi, injini inakosa nguvu na mabawa hayashiki hewa vizuri, kwa hiyo ukichelewa kuondoka asubuhi na umebeba mzigo, hiyo safari ina wasiwasi.

Campbell Black ndo watu hupenda hadithi zake. Ni yeye aliyempata rubani Mjerumani Ernst Udet akiwa amekwama huko Sudan 1931, na 1934 akashinda mbio za ndege za London hadi Melbourne akiwa na mwenzake Scott. Sawa, shujaa. Lakini mimi nasema kampuni haikuishi kwa ushujaa, iliishi kwa barua.

Imperial Airways ya Uingereza ilifika Mwanza 1931, na Januari 1932 njia ikasukumwa hadi Cape Town. Sasa hizo ndege kubwa zinapita bara, Mombasa yuko kando, Tanga kando, Zanzibar na Dar pia. Nani atawafikishia barua zao? Ni kama basi la masafa marefu na matatu ya mtaani, basi haliingii kwenu, matatu ndo inakuleta steji. Wilson Airways ikawa hiyo matatu. Abiria walikuwepo ndio, ila tikiti peke yake isingelisha ndege.

1939 vita vikaja, ndege na marubani wakachukuliwa na jeshi, kampuni ikaisha hivyo. Miaka kumi tu! 1946 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar wakaunda East African Airways, na walianza na nini? Dragon Rapide sita, ndege aina ileile Wilson walishazirusha kabla ya vita.

Uwanja mpya wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa 1958 ukabeba ndege kubwa. Uwanja wa zamani ukapewa jina la Wilson 1962, na barabara kibao za mji zilipokuja kubadilishwa majina baada ya uhuru hilo halikuguswa. Leo pale utakuta AMREF, lile shirika la afya, wakiondoka na madaktari, watalii wa Mara, na magunia ya miraa ya kwenda Somalia yakikimbizwa yasinyauke, yaani bado ni matatu tu.

Haya, maswali. Wewe mwenye koti.